Vifaranga Watatu wa Shingo Uchi

"Toka nje, mwizi! Toka tukuone!"

Mkwe wangu alitoka jikoni, mtoto mgongoni, mwiko wa uji bado mkononi.

Katikati ya ua alisimama Nesi. Kiganjani mwake alikuwa na kifaranga wa siku moja. Manyoya mwili mzima... ila shingo. Shingo tupu! Nyekundu kama kidole kilichoungua.

"Huyu na wenzake wawili tumewakuta kwenye kibanda chako cha kuni. Wametoka wapi?"

Mkwe alimtazama kifaranga. Akanitazama mimi. Akanyamaza.

"Nakuuliza wewe! Mji mzima huu nani ana mbegu hii zaidi yangu?"

Basi wote wakanigeukia. Nesi, jirani yetu tunayemwita Redio, na wanawake wawili waliosikia kelele wakaingia bila hodi. Wakasubiri mama mwenye nyumba aseme neno.

Nikasema.

"Ndiyo maana nilishangaa mimi... mayai kumi ya Nesi kuwa viza kwa mpigo! Nikienda kwenye sala, ufunguo wa chumba cha kuku unabaki humu ndani. Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyommaliza mtoto wa watu.

"Weee! Nyoka ndani ya nyumba!" Redio akajipiga kofi mdomoni.

"Na Jumatatu nilikuwa namkabidhi duka langu la dawa," Nesi akasema. "Nimkabidhi huyu! Sahau. Kazi huna, na dukani kwangu usikanyage."

Mkwe akainama, akaweka mwiko juu ya jiwe, akapiga magoti mbele yao kama mtu aliyekubali kila kitu.

Ndugu zangu mnaosoma... mwizi alikuwa mimi.

Ngojeni niwaeleze. Msinionee huruma, someni tu.

Mimi ni mjane. Mume wangu alifanya kazi kwenye kinu cha pamba hapa mjini kwetu. Mji wenyewe mnaujua ulivyo hata bila jina: barabara moja ya lami iliyokatika, soko, nyumba ya sala na maduka manane tu. Kinu kilipofungwa, wanaume wakatawanyika. Mwanangu naye akamwacha mke wake huyu kwangu, akaenda mbali kuchimba visima. Anatuma salamu nyingi sana. Salamu tu!

Tuliobaki tukatafuta njia. Mmoja akaanza kushona viatu, mwingine kukaanga karanga, mwingine kuchaji simu za watu. Redio alijaribu kuuza barafu, akawa anazungumza mpaka inayeyuka.

Mimi nikapata yangu. Nikaanza kutotolesha mayai ya watu.

Nina kuku kumi na wawili wa kienyeji, wapenzi wa kuatamia. Unaniletea mayai yako, nayatia alama kwa penseli, nayapanga chini ya kuku. Siku ya saba nayapima kwa tochi kwenye giza. Yai lenye uhai unaona mishipa ndani, kama mizizi midogo. Lisilo na uhai ni jeupe tupu, nalitoa. Siku ya ishirini na moja unakuja kuchukua vifaranga wako. Malipo yangu ni vifaranga wawili katika kila kumi. Hatuandikiani, ni neno tu.

Na neno langu lilikuwa na uzito, jamani. Chumba cha kuku naingia peke yangu, kwa sababu kuku wakishtuka wanaacha mayai. Nikitoka nikasema, "Dada, matatu viza," dada anasema, "Ahsante, Mama Vifaranga." Haombi kuonyeshwa. Ataombaje? Mimi ndiye ninayefunga vikao vya akina mama kwa sala! Nikipita sokoni, watu wanasimama kunisalimia.

Nami nililijua hilo. Nililipenda. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Na nyumbani nilikuwa jicho! Mkwe akichota sukari, naona. Akizidisha kuni jikoni, naona. Akitaka kusema neno namkata: "Kwetu mkwe hamfundishi mama mkwe wake." Akawa anajibu "Ndiyo mama" mpaka nikazoea kwamba huyu hana neno jingine.

Sasa, Nesi. Ni muuguzi mstaafu, mwenye duka la dawa. Siku moja akaja na kapu limefunikwa taulo. Mayai thelathini.

"Mama Vifaranga, hii ni mbegu ya shingo uchi. Kaka yangu kanitafutia mbali huko. Mkubwa, mzito, joto halimsumbui. Mwenye mkahawa pale stendi amesema atachukua wote nitakaowakuza."

Moyo ukaniruka. Kuku wangu ni wadogo kama njiwa wenye kiburi. Nikahesabu kimoyomoyo: thelathini, wawili katika kumi... fungu langu sita!

Nesi akaendelea, "Ila hawa sitatoa fungu, mama. Nitakulipa unga. Mbegu nataka ibaki kwangu kwanza."

"Unga?"

"Debe zima. Mbona umenuna?"

"Sijanuna, mwanangu. Kuna jua tu."

Nilinuna! Nilinuna wiki nzima. Ningeweza kumwambia, "Nesi, desturi ya kazi yangu siyo hiyo, chukua mayai yako." Angekubali au angeondoka. Lakini mimi mtu wa sala ningeonekanaje nikigombania vifaranga?

Nikachagua kuonekana mwema na kuiba.

Siku ya saba ikafika, mchana, saa ya watu kupumzika. Nikajifungia, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawasha tochi. Mayai manne tu ndiyo viza. Ishirini na sita yalikuwa na uhai, yana mishipa ya kupendeza kabisa.

Nikachagua sita. Yale yenye nguvu zaidi, Mungu anisamehe.

Nikalowanisha ncha ya kitambaa changu kwa mate, nikafuta alama ya penseli, yai moja baada ya jingine. Na huku nafuta, midomo inasema: "Ee Mungu, wewe unajua hili ni fungu langu." Nilikuwa namfanya Mungu shahidi wa wizi! Nikayapeleka kwenye kibanda cha kuni nyuma ya jiko, nikamwita kuku wangu mweusi akaatamia. Mkwe nikamwambia, "Hayo ni ya kwetu, usimguse huyo kuku."

"Ndiyo mama."

Kwa Nesi nikatuma ujumbe: mayai kumi viza, pole sana. Akajibu: "Ni mapenzi ya Mungu, mama. Ahsante kwa uaminifu wako."

Uaminifu! Nilisoma neno hilo nikaifunika simu kifudifudi.

Lakini nilikuwa na amani, kwa sababu hesabu zangu zilikamilika. Kifaranga ni kifaranga. Wote ni pamba ya manjano inayolia piyo piyo. Nilidhani shingo ile inamtoka kuku ukubwani, kama upara unavyomtoka mzee. Mpaka upara uonekane, miezi imepita, nitasema nimenunua mbali. Mimi, Mama Vifaranga, bingwa wa mayai wa mji mzima, sikujua!

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja nikaingia chumbani nikiimba.

Wimbo ukakatika.

Chini ya kuku, vifaranga wa Nesi walikuwa wanakauka... na zaidi ya nusu shingo zao zilikuwa tupu. Wamezaliwa hivyo! Wameanguliwa leo, shingo uchi tayari, kama wamepigwa muhuri wakiwa yaini!

Nikakimbilia kibanda cha kuni, mimi mwenye goti bovu. Kuku mweusi akainua bawa. Vifaranga watano. Watatu... shingo uchi.

"Hodi humu! Mama Vifaranga! Nimekuja mapema, hamu imenizidi!"

Nesi huyo. Na Redio nyuma yake, maana Redio hakosi.

Nikatoka haraka nikamvuta Nesi chumbani, namwonyesha wa kwake, nacheka kicheko cha mtu mwenye homa. Lakini Redio hakuingia chumbani. Redio alisikia piyo piyo nyuma ya jiko, na masikio yake hayajawahi kumpotosha.

"Nesi eee! Njoo uone muujiza! Mayai viza yameanguliwa kwenye kuni!"

Yaliyofuata nimeshawaambia.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata nusu. Na mchuma janga hula na wa kwao. Mimi janga nililichuma, nikampakulia mkwe wangu sahani nzima.

Siku hiyo habari ilizunguka mji mara tatu. Mkwe akienda kuteka maji, wanawake wanasogeza ndoo zao. Mmoja akasema kwa sauti, "Ficheni hata vifuniko vya ndoo, huyu anaangua kila kitu." Wakacheka. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake, nikasikia. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

Nyumbani, asubuhi ileile moja kila siku:

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Maji yako ya kuoga tayari."

Hakununa wala hakulia mbele yangu. Chakula changu alikifunika vilevile kwa sahani safi. Laiti angevunja hata kikombe! Kila kijiko kilikuwa kinanikwama. Nikajaribu kusali, maneno hayaendi. Nikajaribu kujiambia, atasahau, ni kijana. Siku ya tano nikamkuta anakunja nguo za mtoto, anazipanga kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwetu, mama. Nilikuwa nasubiri tu uende kwenye sala leo Alhamisi, niondoke bila maswali."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Mwanangu... kwa nini siku ile hukujitetea?"

Akaendelea kukunja.

"Ningesema nini, mama?"

"Kwamba siyo wewe!"

"Halafu wangeuliza ni nani."

Akatia nguo nyingine ya mtoto kwenye begi.

"Mama, mlango wa chumba cha kuku una ufa. Siku ya saba nilikuletea chai. Nikakuona unafuta penseli."

Jamani... siri ya mtungi aijuaye kata!

"Uliniona? Siku ileile?"

"Niliirudisha chai jikoni. Ulipotoka nikakuletea tena kama ndiyo kwanza nachemsha."

"Na... na kile kibanda..."

Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Mama, jiko ni langu. Ulifikiri nitaamini mayai yale kwenye kuni zangu ni ya kwetu? Yule kuku mweusi hakutulia. Kila ulipokwenda sokoni alikuwa anainuka, mayai yanapoa. Mimi ndiye niliyekuwa namrudisha. Nikamwekea maji karibu asiondoke. Bila hivyo usingepata hata mmoja."

Nilikuwa namficha mtu siri, na yeye ndiye aliyekuwa anailea!

"Mbona hukuniambia neno?"

"Nilitaka. Kwetu shingo uchi wapo, nimekua nao. Nilijua wanazaliwa hivyo. Nilijua siku ya ishirini na moja utaumbuka." Akaacha kukunja. "Usiku na mchana nilitafuta maneno. Mkwe anamwambiaje mama mkwe wake, 'Mama, wizi wako utaonekana'? Siku moja nilianza. Nikasema, 'Mama, kuhusu wale kuku wa Nesi...' Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu: mkwe hamfundishi mama mkwe.

"Basi nikasema ndiyo mama."

"Na ukakubali kuitwa mwizi?"

"Mimi mgeni hapa, mama. Nitaondoka na aibu yangu. Wewe utaenda wapi? Watu wanakuletea mayai kwa neno lako. Neno likifa, wewe na kuku wako mtakula nini?"

Nililia, ndugu zangu. Nililia mpaka mjukuu akaanza kulia kwa kuniona. Mkwe akawa anatubembeleza wote wawili, hajui aanze na nani.

Nikanawa uso. Nikamwambia, "Begi hilo lisifungwe. Twende kwenye sala."

"Mama, acha..."

"Twende!"

Akina mama walikuwa wamejaa. Nilipoingia na mkwe, minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi makavu. Nesi alikaa mstari wa mbele, akatazama pembeni. Kikao kikaenda mpaka mwisho, na kama kawaida mwenyekiti akasema, "Mama yetu, tufungie kwa sala."

Nikasimama.

"Leo siwezi kufunga. Mwizi wa mayai ya Nesi siyo mkwe wangu. Ni mimi."

Halafu mnajua nini kilitokea?

Wakapiga makofi!

"Huo ndio moyo wa mama!" mwenyekiti akafuta machozi. "Anabeba dhambi ya mkwe wake! Akina mama, jifunzeni!"

"Amina!"

"Siyo hivyo! Nisikilizeni, nimeiba mimi!"

"Tunakuelewa, mama. Kaa upumzike."

Aibu gani hiyo! Nakiri wizi, napewa sifa. Na nitawaambia ukweli mchungu: kwa kitambo kidogo, kama pumzi mbili hivi... nilitaka kukaa. Nilikuwa nimeshasema, sivyo? Kama hawaamini, kosa si langu. Ningeweza kurudi nyumbani na jina langu zima, limeongezewa na asali juu.

Nikamtazama mkwe. Alikuwa ameinamisha uso, anamfunga mtoto upya mgongoni. Alishajua nitakaa.

Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni.

"Nilisema ufunguo wa chumba cha kuku hubaki nyumbani. Nani aliwahi kuuona nyumbani? Huu hauachi kifua changu. Naoga nao, nalala nao. Redio, wewe husema kweli hata usipoombwa. Umewahi kuniona bila huu?"

Redio akafungua mdomo. Akaufunga. Mara ya kwanza maishani mwake.

"Hapana..." akasema polepole. "Hata kisimani naiona kamba."

"Nesi, nilikuambia kumi viza. Yalikuwa manne. Sita nilifuta alama yako kwa mate yangu, nikiwa natamka jina la Mungu. Mkwe wangu hakugusa. Nilimsingizia nikiwa namtazama usoni."

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Nesi alinyanyuka. Nilidhani atanipiga, na ningempa shavu. Akanipita kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa mkwe wangu, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuita mwizi mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Jumatatu uje."

Kwangu hakusema kitu. Mwenyekiti ndiye aliyefunga kwa sala. Alisali haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Kabla jua halijazama, wateja watatu walikuwa uani kwangu. "Mama, tumekuja kuchukua mayai yetu." Wakayatoa chini ya kuku yakiwa ya moto, wakayafunga kwenye vitambaa vya kichwa, wakakimbia nayo kutafuta kuku mwingine kabla hayajapoa. Nilisimama nimewashikia mlango. Sikuwa na haki ya kuwaambia subirini.

Vifaranga wote watano wa kibandani, ambao Nesi aliwaacha siku ile kwa hasira, nilimpelekea mimi mwenyewe, mchana, kwenye kapu wazi. Alipokea kapu. Salamu hakupokea.

Leo ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Napalilia maharage ya watu kwa kibarua, goti bovu na yote. Mkwe yuko duka la dawa, anajua majina ya vidonge ambayo ulimi wangu hauwezi. Ndiye anayetulisha. Sokoni watu hawasimami tena kunisalimia. Wengine hushika pochi nikipita, na mimi napita.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja mgeni alikuja na mayai manane. Nikamweleza kila kitu kabla hajakaa. Akafikiri, akasema, "Siku ya saba tochi nitashika mimi." Nikasema sawa. Tukaingia wawili kuyapanga, mlango wazi. Kuku hawakushtuka hata kidogo. Miaka yote ile, kumbe mlango ungeweza kuwa wazi!

Jambo moja nawaachia, hasa nyinyi mama wakwe wenzangu. Heshima niliyoidai nyumbani ndiyo iliyomziba mdomo mtu pekee aliyetaka kuniokoa. Kama ndani kwako kila mtu anakujibu ndiyo mama, ndiyo mama... ogopa. Huna anayekuambia ukweli.

Jana nikiwa nakula nikamwambia mkwe, "Kuanzia leo, nikikosea niambie."

"Hata mbele ya watu, mama?"

"Hata mbele ya Redio."

Akanitazama, anapima kama natania.

"Basi mama... maharage haya umeyatia chumvi mara mbili."

Nilimeza tonge. Kweli, yalikuwa chumvi tupu!

"Nipe maji, mwanangu," nikasema. "Endelea. Kuna lingine?"

Akavuta kigoda, akakaa.

"Yapo mengi, mama."